Siku Kumi na Tatu za Kungoja

Ankara, 20 Machi 2019

Dada yangu Tuba,

Leo natimiza miaka thelathini na sita tangu nitoke Natanz. Pokea salamu zangu nyingi. Magoti yako yanaendeleaje, sasa baridi inapoondoka? Mimi mzima, isipokuwa jicho la kushoto, nalo halijanizuia kusoma.

Nasrin ameniandikia kutoka Shirazi. Anasema chumba alichokuandalia kinapata jua la asubuhi, na bado unakataa kuhama. Ati umemwambia kuwa machipuko yakileta mwaka mpya, mdogo ndiye hubisha hodi kwa mkubwa, na mkubwa humngoja nyumbani siku kumi na tatu. Ati mimi, Faramarzi, nikija nikakuta kumefungwa, aibu itakuwa ya nani? Binti yako amechoka kubishana. Anaogopa utaanguka kwenye zile ngazi ukiwa peke yako.

Dada, nilikuja.

Ilikuwa mwaka juzi, siku ya kwanza ya mwaka. Nilikuwa nimepata ruhusa ya kuingia nchini, nikapanda basi bila kumwambia mtu. Miaprikoti ya kichochoro chetu ilikuwa imechanua yote. Maua yale nimewasimulia watu wa huku hadi wakaanza kunikwepa. Nilisimama chini yake kama mgonjwa anayesubiri dawa ifanye kazi. Haikufanya.

Jirani yako Ezzat alikuwa akifagia kizingiti chako. Hakunitambua. Alisema, “Karibu baba, ingia ule vitamu, ila usikalie kiti cha dirishani. Hicho ni cha mdogo wake Tuba, yule mtoro. Kalia uone, utamwagiwa chai!” Nawe ukapaza sauti kutoka ndani: “Ezzat, nani huyo? Kama ni muuza samaki, mwambie samaki wake wa juzi alinuka mpaka paka akasusa!”

Ezzat akacheka. Sauti yako ilikuwa ile ile. Nikangoja moyo ushtuke. Haukushtuka. Nikamwambia nimekosea nyumba, nikarudi stendi. Njiani nilikula mbegu za maboga na kusoma gazeti.

Sikuwa na hasira nawe, wala woga. Ila ungenikumbatia ukilia, nami ningekuwa gogo mikononi mwako. Sikutaka ulishike gogo hilo.

Hama, dada, kabla ya joto. Nisalimie Nasrin na wanawe, na umwombe Ezzat anisamehe, maana nilimdanganya. Mimi sitarudi.

Mdogo wako,
Faramarzi