Nusu Tangi Hadi Oyam

Jumamosi, tarehe kumi na tisa. Asubuhi ya ukungu, kisha manyunyu mepesi. Jua lilitoka baada ya chai.

Afande,

Unajua kwamba kila jioni huandika mambo ya siku. Ulikuwa ukinicheka: "Wewe naandika kila kitu, hata chai?" Ndiyo, hata chai. Lakini leo sina la kujiandikia mwenyewe. Nakuandikia wewe.

Petroli imerudi Kampala. Kamba zimeondolewa kwenye vituo vya mafuta, vijana wa bodaboda hawazunguki tena na jerikani tupu, na watu wameshasahau. Asubuhi nilikuwa kwenye foleni ya Ntinda. Gari la mbele yangu likanguruma, likaruka hatua chache, likafunga breki. Likanguruma tena. Nami nikagundua kwamba mguu wangu ulikuwa umeshaiacha pedeli ya mafuta kabla taa zake za nyuma hazijawaka. Sikuuambia. Uliinuka wenyewe, na pikapu yetu ikajongea taratibu mpaka foleni ikafunguka, bila kusimama. Nilisisimka mwili mzima. Mguu ule haukuwa wangu, Afande. Ulikuwa wako.

Nilipokuja kwako Kawempe kujifunza udereva nilikuwa muuza duka tu, Mkenya niliyetaka leseni. Wewe, dereva mstaafu wa polisi, ulinitazama miguu kwanza. "Vua kiatu. Kiatu iko kiziwi." Nikajifunza peku, nikiona aibu, huku wapita njia wakitucheka. "Hapana kanyaga kama naua mende! Hii petroli natoka mbali. Salimia yeye pole pole." Tukipenya Kalerwe katikati ya mikokoteni ya ndizi, ulikuwa ukinipiga kidole begani: "Angalia gari ya tano. Ya kwanza iko mjinga kama wewe." Na kwenye miteremko, nilipotaka kuondoa gia ili gari litiririke kama wafanyavyo madereva wengi mjini, ulinikemea kweli. Ulinieleza kwamba gari likishuka ndani ya gia, mguu ukiwa juu, magurudumu ndiyo yanayoizungusha injini, wala hainywi kitu. Ukiondoa gia, inaendelea kunywa, na breki zinabaki peke yake na kazi yote. "Kilima nakupa mwendo bure. Wewe nataka kutupa?"

Nilidhani ni ubahili wa mzee wa polisi aliyezoea kupewa mafuta kidogo. Hata ulipoanza kuniachia wanafunzi wako, niliyarudia maneno yako kwa sababu tu yalikuwa yako.

Kisha ukafariki, katika wiki ileile ambayo mji mzima ulikuwa umekauka petroli.

Hukuuona uwanja wa nyumba yako siku ile. Wajomba walisimama kuizunguka pikapu kama watu wanaomtazama ng'ombe mgonjwa. Tangi lilikuwa nusu. Gari dogo la mwanao Ogwang lilikuwa na jerikani moja iliyochangwa na marafiki. Zaidi ya hapo hakuna, Kawempe nzima. Na ulikuwa umesema mara nyingi, sisi sote mashahidi, kwamba hutaki kuzikwa mjini. Ulitaka kulala kwenu Oyam, kando ya mama yako.

Nilipochukua funguo za pikapu, Ogwang alisema, "Mwanamuke hapana beba mzee yangu."

Mama, mjane wako, akamjibu akiwa ameketi mkekani, bila kuinua sauti: "Huyo ndiye mzee alimpa funguo. Wewe alikunyima."

Watu wakacheka, na ulikuwa msiba. Ogwang akakubali, lakini kwa sharti: "Basi kimbiza sana. Mafuta iko kidogo. Tukimbie, tufike kabla haijaisha."

Afande, wote walitikisa vichwa kukubali! Wajomba, mchungaji, hata yule jirani yako mwalimu wa hesabu. Ilisikika kama busara. Kama maji yanavuja ndooni, si unakimbia? Nami siku za zamani ningetikisa kichwa.

Nilianza kushusha mizigo. Walikuwa wamepakia hema, sufuria kubwa, na kochi la Mama la watu watatu. Shangazi yako alipiga kelele: "Huyu Mkenya anataka tumzike mzee bila sufuria!" Nikamwambia Oyam wanapika pia. Nikajaza magurudumu upepo yangali baridi, nikalifunga turubai juu yako likakazika pande zote, lisipepee wala kushika upepo. Nilikuwa nikiogopa sana. Tukikwama njiani ungelala kando ya barabara, kwenye jua, na lawama ingekuwa juu ya mguu wangu mmoja.

Tulitoka kulipopambazuka. Mama mbele pamoja nami, wapwa wako wawili nyuma, karibu na jeneza. Kabla ya Bombo, Ogwang alitupita kwa kasi, taa zote zikiwaka, mkono nje ya dirisha ukituita kama mtu anayemwita mbuzi mzito. Nami nilivua viatu.

Sijui niielezeje safari ile. Kwa muda wote uliokuwa ukinifundisha, nilikuwa nikisikia maneno. Siku ile niliisikia barabara. Kila mwinuko mdogo baada ya Luweero niliujua kabla hatujaufikia. Niliongeza mwendo kidogo chini yake, nikauacha ufe wenyewe kileleni, kisha mteremko ukatupokea. Nilimwona mwenye baiskeli akiwa bado nukta, na lori lenye kuchechemea mbali kabisa, nikawapita wote bila kugusa breki. Sindano ya kipimo cha mafuta ilikaa palepale. Nilidhani imeharibika. Nikaigonga kwa kidole. Haikuwa imeharibika.

Tulikuwa tumevuka mto Kafu tulipoliona gari la Ogwang pembeni, boneti limefunguliwa, ingawa injini haikuwa na kosa lolote. Lilikuwa limekauka tu. Wanaume wanne walisimama majanini. Nilingoja watupungie mikono. Badala yake walivua kofia, mmoja baada ya mwingine, maana aliyekuwa akiwapita ni wewe.

Nilisimama mbele kidogo, pikapu ikitazama mteremko. Ogwang alikuja akikimbia, suti imejaa vumbi.

"Dada, iko nafasi?"

"Iko. Kaa karibu na mzee."

Ni mtu mzito, unamjua, na uzito hunywa mafuta. Lakini mtoto lazima afike kaburini. Wenzake walibaki kulinda gari.

Halafu Karuma. Barabara ikaanza kuteremka msituni, nyani wakiwa wameketi pembeni kama watu wanaongoja mkutano. Niliinua mguu kule juu kabisa. Gari likashuka ndani ya gia, limekubeba, injini inazunguka bila kunywa, na kadiri tulivyoshuka ndivyo ngurumo ya mto ilivyopanda, mpaka tukaanza kuona maji meupe yakipasuka juu ya mawe. Nywele zilinisimama. Nilikuwa na mwendo wa kutosha kutupandisha ng'ambo bila jasho.

Hapo Mama akasema, "Pole pole. Maiti hapana vuka mto bila kuaga."

Nililijua jambo hilo kwa kusikia, kwamba watu wa kwenu wakivuka na marehemu huutupia mto sarafu. Sindano ilikuwa imeshagusa mstari mwekundu. Ulinifundisha kutoutupa mwendo wa kilima, na kilima kile kilikuwa kirefu kuliko vyote. Nikakanyaga breki. Nilivunja sheria yako mbele yako, Afande, na sikuomba ruhusa. Tulivuka daraja kwa mwendo wa mtu anayetembea. Mama akatoa mkono dirishani, akaiachia sarafu, akasema maneno ya Kilango, lugha ya kwenu, nisiyoyajua. Ogwang, kule nyuma, alilia kwa sauti, mara ya kwanza tangu ufe.

Tulipoanza kupanda, taa ya mafuta ikawaka.

Kuanzia hapo sikumbuki kama nilipumua. Ogwang aligonga paa: "Dada, itafika?" Sikujua. Mguu ulijua. Ulikuwa ukigusa, ukiacha, ukigusa, ukiacha, kama mtu anayembembeleza mtoto asiamke. Tulipita Kamdini. Tuliacha lami. Niliona watu wengi wamesimama kwenye njia ya kwenu, wanawake wakaanza kupiga mayowe ya huzuni, na sufuria, ndiyo, sufuria zilikuwa zimeshapanda jikoni. Jua lilikuwa bado juu. Ulizikwa mchana, kando ya mama yako, na mwanao akatupa udongo wa kwanza.

Kesho yake asubuhi niliingia garini nikijua limekufa. Nikageuza ufunguo. Likaitika. Nilikaa pale nikiisikiliza injini. Wajomba wakaja kutazama. Mimi mwenyewe nimekuwa nikifundisha mambo haya kwa watu, nikiwaandikia ubaoni, na sikujua ni makubwa kiasi hicho.

Alhamisi iliyopita Ogwang alikuja Kawempe. Alizunguka uwanjani, akapiga gurudumu teke, akasifu hali ya hewa. Mwishowe akasema nimfundishe kuendesha, upya, kutoka mwanzo. Nilimuuliza kama anataka cheti kingine. Akasema, "Hapana. Nataka kusikia kile mzee alisikia."

Tunaanza Jumatatu. Nakuahidi sitamwonea huruma. Nitamwita mjinga pale unapostahili ujinga kutajwa, nami nitakaa naye kwenye kila kilima cha mji huu mpaka asikie, hata ikichukua mwaka. Mama hajambo, anakula. Pumzika, Afande wangu. Umefika.

Nalala sasa, saa nne na robo usiku.