Stela Si wa Kupigwa Risasi

Jumatatu, 3 Agosti 1953

Nimekasirika hata penseli inatoboa karatasi. Tandiko limemchubua Stela mgongoni, kidonda cha ukubwa wa kiganja, na jana memsahibu alimpanda vilevile kwenda kunywa chai kwa jirani! Leo naanika mashuka nikamwona farasi amesimama vibaya, anatetemesha ngozi kila nzi akitua. Nikamwambia memsahibu. Akasema, Scolastica, kazi yako ni kufua.

Kufua. Haya. Miaka kumi na mmoja nafua kwenye shamba hili la ngano, na sita kati ya hiyo Stela yupo. Namjua kuliko ninavyoyajua mashuka yao.

Mimi farasi niliwapenda kabla sijavaa nguo ya dukani. Nilikuwa na miaka minane hivi, ile vita ya kwanza ya Wazungu, askari wa farasi wakapita kwetu Balangdalalu. Mmoja wa farasi alikuwa mgonjwa, wakamwacha karibu na bwawa, wakaenda zao. Nilimpelekea majani siku tatu. Alikuwa ananipulizia pumzi kwenye nywele. Nikamwambia baba, Mzee Gidahosh: yule ndama uliyenipa mchukue, uniletee farasi. Alicheka mpaka akakaa chini. Farasi hana maziwa, akasema, tena wewe ni msichana. Siku ya nne nikamkuta amekufa. Mama alidhani nalia njaa.

Miaka thelathini na saba! Na bado sijaweza kumwona farasi nikapita tu.

Jumatano, 5 Agosti

Nimemwosha kidonda kwa maji ya uvuguvugu na chumvi. Kwa kujificha, kama mwizi wa sukari.

Mzee Hasani alinishikia ndoo. Yeye ndiye saisi, mtunza farasi wa shamba. Mtu wa Katesh, wa ukoo wa wenye maduka, alikuja hapa kuomba kazi ya jikoni. Bwana Hebati, mwenye shamba, akaona kanzu na kofia, akasema, huyu Mwarabu, Waarabu wanawajua farasi. Basi. Mzee Hasani babu yake alitoka Tabora na mzigo kichwani! Mpaka leo kabla ya kuinua kwato anasoma dua, halafu ananiita: mama Tekla, njoo uinue wewe.

Simlaumu. Wa kulaumiwa yuko barazani anasoma gazeti.

Jumapili, 9 Agosti

NIMEMPANDA.

Bwana na memsahibu wamekwenda Arusha. Nilimtoa Stela kumtembeza, kidonda kinakauka vizuri. Mzee Hasani akatazama mlima wa Hanang, akasema: mama Tekla, mimi macho yangu yako kwenye mawingu, sioni kitu kingine. Nikapanda juu ya ukuta wa birika la kunyweshea, nikakaa mbele ya kidonda, bila tandiko, gauni nimelikusanya. Tukaenda mpaka mwisho wa mabua, tukarudi. Taratibu. Masikio yake mawili mbele yangu, na ngano iliyovunwa pande zote, na upepo.

Nina miaka arobaini na mitano na mjukuu mmoja. Nimecheka peke yangu mpaka jioni.

Jumanne, 11 Agosti

Wamerudi. Kuna mtu amesema. Memsahibu kaniita barazani, amesimama, mimi nimesimama. Akauliza kama ni kweli. Nikasema ni kweli, na kidonda kimepona, twende ukakiangalie. Hakutaka kukiangalia! Akaagiza Stela aoshwe mwili mzima kwa sabuni.

Sabuni niliyoichukua ni ileile ninayofulia nguo zake za ndani. Nguo zake mikono yangu inazishika kila siku ya Mungu. Hazijapata kuoshwa upya kwa ajili hiyo.

Alhamisi, 13 Agosti

Bwana ameamuru Stela apewe ngano mpya, debe zima, eti amekonda. Ngano ile bado ina unyevu. Nimemwambia nikiwa na kikapu cha nguo kichwani: Bwana, hiyo itamsokota tumbo. Akasema, wewe hapana jua farasi. Hivyo hivyo, kwa Kiswahili chake.

Ijumaa, 14 Agosti

Tumbo limemsokota.

Asubuhi nilimkuta anapiga chini kwa mguu, anageuka kuangalia ubavu wake, jasho linamtoka. Anataka kulala na kugaagaa. Akigaagaa, utumbo unajikunja na amekwisha. Mzee Hasani alikuwa amekaa juu ya jiwe anasoma dua. Daktari wa mifugo yuko Mbulu — huko mpaka afike! Nikatupa kikapu, nikashika kamba, tukatembea.

Tulitembea kutoka saa moja asubuhi mpaka saa tisa mchana. Kulizunguka ghala, kushuka mtoni, kupanda. Akipiga magoti nampigia kelele kwa lugha ya kwetu, ile ya kufukuzia ng'ombe, anainuka. Nimepoteza sauti. Kiatu kimoja sikijui kiliko. Bwana, naambiwa, alitoka mara mbili sisi tukiwa mtoni, akatazama saa yake, akaingia ndani.

Saa tisa kasoro Stela akasimama, akainua mkia, akaangusha mavi. Mengi! Sijapata kuona kitu kizuri kama yale mavi. Nikamkumbatia shingo.

Jumamosi, 15 Agosti

Sikukuu ya Mama Maria. Nimesali rozari hapahapa, miguu haikanyagi. Na katikati ya rozari nimetenda dhambi ya hasira, sijui nitaungamaje.

Bwana amewaita watu wote uani. Amempa Mzee Hasani koti. Koti la sufu, zuri, lake mwenyewe, kwa kumwokoa farasi. Wageni wawili wa Kizungu walikuwapo, wakapiga makofi. Mzee Hasani akapokea kwa mikono miwili, akainama.

Hakusema neno. Hata moja! Watu wote wananitazama mimi, mimi natazama chini, na kiatu changu kimoja.

Jioni nilimsalimia shikamoo kwa sababu ni mkubwa wangu. Zaidi ya hapo sina la kumwambia.

Jumanne, 25 Agosti

Sina nguvu za kuandika lakini nitaandika.

Shamba limeuzwa. Bwana na memsahibu wanahamia Rodesia, wanaondoka Jumatatu. Anayenunua analeta trekta mbili, farasi hamtaki. Nilikuwa napiga pasi, wao wanazungumza Kiingereza mezani, wakidhani pasi haina masikio. Masista walinifundisha zaidi ya kusoma sala. Bwana alisema: risasi moja, Jumatatu asubuhi, ndiyo huruma. Kumwacha kwa wenyeji ni ukatili.

Ukatili! Nani alimtia kidonda? Nani alimlisha ngano mbichi?

Nimeunguza kola ya shati lake. Kwa makusudi.

Jumatano, 26 Agosti

Nimemwendea Bwana. Nimevaa gauni la kanisani. Nikamwambia: nipe Stela. Sitaki mshahara wa mwezi huu, sitaki barua ya sifa, nipe farasi.

Alidhani natania. Akauliza utamlisha nini. Nikamtajia: majani ya kando ya mto, mabua, pumba, chumvi ya kulamba, na kiangazi nampeleka kwa kaka yangu chini ya mlima ambako hakuna mbung'o. Nilimtajia mpaka maji, anakunywa ndoo ngapi. Akaanza kuhesabu nami kwa vidole — naapa, niliona. Halafu akasema: mtamla.

Watu wetu hawali farasi. Nimemwambia hivyo. Nikamwambia tena, tulia Bwana, mimi ndiye niliyemtembeza siku ile, Mzee Hasani alikuwa juu ya jiwe. Akacheka. Akasema kila mtu sasa atasema ni yeye.

Memsahibu alikuwa mlangoni, macho mekundu. Anampenda Stela, nadhani. Ndiyo inayoniuma zaidi. Anampenda na atamwacha apigwe risasi.

Alhamisi, 27 Agosti

Mwanangu Tekla amekuja kutoka Katesh na mtoto mgongoni. Habari imeshafika sokoni. Akasema: mama, watu wanacheka, wanasema mama yako anadai farasi kama memsahibu. Nikamwuliza, na wewe unacheka? Akakaa. Akanimenyea viazi vyote. Kisha akasema yeye akiwa mdogo nilimwacha na homa nikaenda kumtazama farasi wa bwana mkubwa wa wilaya anapita barabarani.

Sikumbuki. Lakini hawezi kuwa amelizua. Nimemwomba radhi. Akasema, ni zamani, mama.

Jumamosi, 29 Agosti

Mzee Hasani amenijia. Nilimwacha asimame muda mrefu. Akasema: mama Tekla, siku ile nilinyamaza kwa woga, nilifikiri wakijua sikufanya kitu watanifukuza, na uzee huu niende wapi. Jana nimemwambia Bwana ukweli wote, nimemwapia. Nikamwuliza, akasemaje? Bwana kasema, haidhuru, farasi ni wangu, Jumatatu ni Jumatatu.

Haidhuru!

Nikamkaribisha chai. Amekunywa vikombe viwili.

Jumatatu, 31 Agosti

Naandika nikiwa ndani ya banda la Stela. Saa nne asubuhi, kwa kukisia jua.

Nilimwahi. Bwana alipokuja na bunduki, mimi nilikuwa nimeshaingia, nimeweka gogo mlangoni kwa ndani. Akasema, Scolastica, toka. Nikasema sitoki. Akasema ninaiba mali yake. Nikamwambia mwizi huondoka na mali, Bwana, mimi nimekaa palepale mali ilipo. Akapiga mlango teke. Stela akaupiga na yeye, kwa ndani, akamzidi.

Basi ametuma gari Katesh kuwaita polisi. Lori kubwa la mizigo lipo uani, lilipaswa kuondoka saa tatu kuwahi treni. Halijaondoka! Nachungulia kwenye ufa: meza, vitanda, kinanda, vyote viko kwenye majani. Wapakiaji wamekaa chini. Mzee Hasani amekaa nao. Bwana anawafokea, wanamwitikia vizuri sana, ndiyo Bwana, na hakuna anayeinuka. Sikuwaomba. Wallahi — nimeanza kuapa kama Mzee Hasani — sikumwomba mtu.

Memsahibu alikuja peke yake upande wa nyuma. Akaingiza karoti kwenye ufa. Nikamwambia, memsahibu, karoti haitoshi, mwambie mumeo. Akauondoa mkono.

Gari linarudi.

Ni polisi mmoja, Nikolausi, mtoto wa watu wa Dongobesh, namjua mama yake. Bwana anamwonyesha mlango. Nikolausi amekuja kwenye ufa. Shikamoo mama. Marahaba. Akaniuliza kwa sauti ndogo: mama, farasi anauma? Nikamwambia, huyu haumi mtu. Akauliza, na kosa lake ni nini? Nikasema, muulize yule aliyekuita.

Amekwenda kumwuliza. Kweli amekwenda! Bwana amekuwa mwekundu. Anasema vunja mlango. Nikolausi anasema itabidi aandike kwanza maelezo, na maelezo yanataka sababu. Bwana anasema sababu ni kwamba yeye amesema. Nikolausi ametoa kitabu chake, anaandika polepole, anarudia kila neno kwa sauti. Mmoja wa wapakiaji amecheka, akaziba mdomo.

Sasa wote wamegeuka kutazama huku bandani. Simwoni Bwana alipo, ufa ni mdogo. Bunduki ilikuwa imeegemezwa kwenye gurudumu la lori na sasa haipo.

Buti zinakuja. Za mtu mmoja tu. Stela ametega masikio, nimemshika shingo kwa mkono wa kushoto, naandika kwa wa kulia. Sauti ya Nikolausi kwenye ufa: mama, bunduki ninayo mimi, fungua.