Mkono wa Mwalimu Anisia

Mbuke, mama kanisimulia leo! Bado niko jikoni kwake Ushirombo, chai inapoa mbele yangu.

Mwaka sabini na saba, darasa la chekechea, nami nimo. Mkaguzi kakaa nyuma na daftari lake. Mwalimu Anisia, mama yangu huyu huyu, kanyanyua mkono achukue dasta.

Dasta tu, Mbuke! Watoto wote wakajifunika vichwa. Wote!

Akabaki mkono juu, jasho linamtiririka. Akajua mkaguzi ameshaona anavyotuchapa, kazi ndiyo basi.

Mkaguzi akatabasamu, akaandika: “Nidhamu nzuri sana.”

Nidhamu!

Jioni ile fimbo yake ya kutuchapia akaichochea mekoni, akapikia ugali.

Sasa hivi kaniuliza, “Na wewe, mwanangu, ulijifunika?”

Nimemwambia sikumbuki.