Mikono Sita ya Rangi kwenye Ndege ya Baba Yako

Kwa Mzee Bonifas,
Nyuma ya Stesheni ya Zamani,
Kilosa.
9 Novemba 2025

Mpendwa mwanangu Doris,

Marahaba. Mimi baba yako mdogo naitanguliza kabla hujaniamkia, maana ukimaliza kusoma barua hii huenda shikamoo yenyewe ikakukwama kooni. Hujambo huko Bergen? Baridi imeshaanza kuuma? Mkwe wangu Oswald hajambo? Na mjukuu wangu Grace, meno yamefika mangapi sasa? Sisi huku hatujambo kwa neema ya Mungu, tukiacha haya maradhi ya utu uzima. Mama yako mdogo Verdiana anasumbuliwa na magoti, mimi nasumbuliwa na Verdiana. Mvua za vuli zinatutania tu, mawingu mengi, matone machache.

Baba yako anaendelea vizuri kuliko ulivyomwacha mwezi wa nne. Mkono wa kulia bado umelala, lakini anakaa barazani bila kushikiliwa, uji anakunywa mwenyewe kwa mkono wa kushoto, na maneno yameanza kurudi, moja moja. Juzi Padri alipokuja kumpa komunyo, baba yako mwenyewe alimwita Padri kwa jina lake. Mama yako alitoka nje akalia.

Utajiuliza kwa nini nakuandikia karatasi wakati simu zipo. Mwanangu, nimeshindwa kulisema kwenye simu. Mara tatu umenipigia ukaniuliza ndege inaendeleaje, na mara tatu nimekujibu kuwa inang'aa. Sikudanganya, inang'aa kweli. Barua hii Godfrey wa stesheneri ataipiga picha akutumie. Ameapa hatasoma, ingawa namjua. Tafadhali usinipigie kabla hujafika mwisho.

Doris, nimeiharibu ndege ya baba yako.

Nasema ile ile ndege ndogo ya mfano aliyoijenga kwa mbao nyepesi za balsa ulizomletea mwenyewe, ile ya kupiga michezo hewani. Unakumbuka ulipokuwa darasa la sita alivyokusimamisha katikati ya uwanja umeshika mpini, ndege inakuzunguka mwisho wa nyaya zake mbili, naye anakupigia kelele uivute juu ipige duara. Hii mpya aliikamilisha Februari, mbawa, mkia, injini, kila kitu, ikabaki rangi tu. Mwezi wa tatu kiharusi kikampiga. Ndipo tukapatana kwamba wewe utakuja Desemba uiruse mbele ya macho yake, kwa kuwa yeye hawezi tena kusimama na kuzunguka nayo. Rangi nikasema niachiwe mimi.

Na nani mwingine? Miaka thelathini na moja napaka malori ya miwa Kidodi. Lori langu likitoka Ruhembe na mzigo utalijua kwa mng'ao kabla hujasikia honi. Kwetu sisi mafundi wa malori, rangi nyembamba ni wizi. Mwenye gari akiona chuma kinachungulia chini ya rangi atakutangaza mpaka Mikumi, na atakuwa na haki.

Baba yako alikuwa amebandika karatasi kwenye boksi la ndege, kwa mwandiko wake ule ule wa karakana ya reli. Uzito kabla ya rangi, gramu 1,240. Rangi yote isizidi gramu 70. Niliisoma, Doris. Nataka ujue kwamba niliisoma, na nikacheka. Gramu sabini ni rangi ninayoimwaga nikiosha bunduki yangu ya kupulizia.

Nikaanza na praima. Kila nilipoona mistari ya mti nikaijaza puti, nikapiga msasa, nikajaza tena. Mkono wa kwanza wa rangi nyeupe, mkono wa pili nyeupe. Baba yako alikuwa kwenye kiti chake ananitazama. Baada ya ule wa pili akasema, "Basi, Ditram. Basi." Alilisema wazi kabisa, hata kuku angesikia. Nikamjibu, "Kaka, wewe ni fundi wa chuma, rangi niachie mimi." Nikampangusa mate mdomoni, nikaenda kuchanganya nyekundu.

Ilipokea mikono sita, ukiacha praima, na juu yake vanishi ya magari mara mbili. Nikachora mstari wa bluu ubavuni na jina lako chini ya bawa. Majirani walikuja kuitazama kama bibi harusi. Nilipomwekea baba yako mapajani, alipitisha mkono wa kushoto chini ya tumbo la ndege, akaiinua kidogo, akairudisha, akageuza uso upande wa reli. Nikawaambia watu amechoka.

Mwezi uliopita nilipita nayo Mikumi kwa Nassir, yule mwalimu aliyekuwa akija kwa baba yako kila Jumamosi kujifunza. Nilitaka aijaribu injini tu. Aliipokea kwa mikono miwili, akaipimapima uzito. "Mzee wangu," akasema, "hapa umepaka lori." Nikadhani ananitania. Tukaenda nayo sokoni kwa Perpetua muuza dagaa, mwenye mizani ya umeme. Ikasoma gramu 1,560. Nimeitwisha ndege gramu mia tatu na ishirini badala ya sabini. Perpetua akauliza kama tunaiuza kwa kilo.

Bado nilibisha. Nikamshikilia Nassir airushe hivyo hivyo. Iliondoka ardhini kwa shida, ikazunguka pua juu mkia chini, na alipoivuta ipige duara moja tu, ilipanda vizuri lakini wakati wa kushuka haikutaka kuinuka tena. Ilipita juu ya majani kwa kimo cha kiganja, ikatua kwa kishindo na mguu mmoja ukapinda. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, ila kwangu mimi guu lililopata adhabu ni la ndege.

Nassir alinieleza kwa upole, kama anavyowaeleza wanafunzi wake. Ndege ya namna hii ikigeuka kwa kasi, kila gramu inalilemea bawa mara kadhaa ya uzito wake. Kwa hiyo unaziba vitundu vya mti tu, kisha unapulizia rangi nyembamba, hata ukiuona mti kwa mbali si aibu. Yaani kile kile ninachokiita wizi.

Mwanangu, kinachonichoma si gramu. Aliniambia. Ana akili zake zote, ndege ile anaijua kuliko mtu yeyote, na kwa maneno machache aliyobakiwa nayo akanizuia, nami nikamchukulia kama mgonjwa asiyejua asemalo. Wala siko peke yangu. Tangu augue tunamwamulia kila kitu humu ndani, ale nini, akae upande upi, redio izimwe saa ngapi. Mtu ambaye zamani alikuwa akitamka neno moja karakana nzima inatulia!

Tena nikutobolee lililo chini kabisa. Nilitaka mara moja tu watu wasimame mbele ya kazi ya kaka yangu Bonifas waseme, Ditram. Marehemu babu yako, kwa kukata mkonge kule Rudewa, aliweza kumsomesha mmoja wetu, akaenda baba yako chuo cha reli. Nilidhani sikuwa na kinyongo. Kumbe nilikuwa nacho, na nimekipulizia juu ya ndege yake. Naona aibu kuandika hivi, lakini ni kweli.

Jumapili iliyopita baada ya misa tulikuwa barazani. Mama yako anasema tuitundike sebuleni juu ya televisheni, ukija mpige nayo picha. Mimi nasema tuijenge nyingine kimya kimya. Tulibishana mbele ya baba yako kana kwamba tunazungumzia kabati. Nikamwona anatutazama, mara mama yako, mara mimi. Nikapiga magoti mbele ya kiti chake nikamweleza yote, kwamba karatasi niliisoma, na aliponiambia niache nilimsikia. Nikamuuliza, "Kaka, tufanye nini?"

Mdomo wake ulitafuta neno. Kisha akasema, "Kwangua." Mama yako akaingilia kwamba itachanika. Baba yako akasema tena, "Kwangua yote."

Kwa hiyo malori nimeyaacha Kidodi, leo ni wiki nzima nipo hapa na msasa. Tumeshatoa gramu 110, zimebaki kama 140 tufikie zile sabini zake. Bawa la kushoto limetoboka mahali pawili, maana ile karatasi iliyofunika mti ni nyembamba mno, na jina lako limeshafutika. Huenda tarehe 19 Desemba ukashuka kwenye treni ya umeme ukakuta mifupa mitupu. Njoo hivyo hivyo. Na ukifika, wa kuulizwa kama inafaa kuruka ni baba yako, si mimi, si mama yako, wala si Nassir. Akikubali, shika mpini hata kama unaogopa itavunjika. Akikataa, iache chini hata kama umevuka bahari kwa ajili yake.

Mama yako anakusalimu sana na anauliza kama lile blanketi la mtoto lilifika. Verdiana anakusalimu, Nassir pia. Nisalimie Oswald, umbusu Grace kwa niaba ya babu yake mkaidi. Mungu akufunike huko ugenini, akupe safari isiyo na mawimbi, na akukutanishe na baba yako angali na nguvu za kukuita jina.

Nilikuwa nangoja aniambie kwamba amenisamehe. Hajasema, na maneno yake siku hizi si ya kupoteza. Ila kila asubuhi nikitoka chumbani namkuta ameshawekewa ndege mapajani kwa amri yake, anakwangua mwenyewe kwa mkono wa kushoto, taratibu, wala hanitazami. Leo alinitazama. Akanisogezea upande wa mkia, nikamshikia.

Ni mimi baba yako mdogo, nikupendaye na nikuombaye msamaha,

Ditram