Wimbi la Pili

Jumatatu, 4 Machi
Limetokea tena! Kwenye kompyuta ninamoigiza anga, mkondo wa gesi unachomoka katikati ya galaksi, unavimbisha povu kubwa kila upande, na wimbi la mshtuko linatangulia mbele. Hilo linajulikana. Lakini kuna la pili, linarudi ndani! Hakuna aliyewahi kulionyesha. Nimempelekea Mwalimu picha hospitalini. Mkewe anasema wiki nzima hajala. Leo kamaliza bakuli la supu. Kaniita "mwanangu". Miaka sita ya kunisimamia, nilikuwa "wewe" tu.

Jumatano, 6 Machi
Mwalimu anataka makala yetu ya wimbi hili iende jaridani haraka, kabla ya... Hakumalizia. Daktari kamwambia mkewe: wiki mbili, pengine tatu. Nimelia chooni, nikanawa uso, nikarudi kuandika.

Alhamisi, 7 Machi
Nilipanua sanduku — ile nafasi ndani ya kompyuta tunamoiachia gesi itiririke — ili picha ipendeze tu. Wimbi la pili likachelewa. Sanduku mara mbili, muda karibu mara mbili. Nikafungua faili la mipangilio. Kuta za sanduku zilitakiwa ziwe wazi, gesi ipite iende zake. Nilizifunga mwenyewe, Novemba, kwa jaribio la siku moja. Sikuzifungua tena. Wimbi linagonga ukuta na kurudi, basi. Angani kuna ukuta gani? Mjinga mimi! Novemba akili nilikuwa nimemwazimisha nani?

Jumamosi, 9 Machi
Jana sikwenda. Mkewe kapiga simu: anakuulizia, anawachorea manesi wimbi lenu. Lenu! Nikisema, namvunja moyo na siku zenyewe ndizo hizi. Nikinyamaza, jina lake linabaki juu ya uongo — yeye aliyewahi kuifuta makala yake kwa kosa la namba moja. Nampenda kama baba. Sijui nifanyeje.

Jumapili, 10 Machi
Nimekwenda. Amekonda, mkono mwepesi. Nikaanza: Mwalimu, kuna jambo. Akasema subiri, nisomee kwanza majina yaliyo juu ya makala. Nikasoma, lake na langu. Akafumba macho, anatabasamu. Kisha taratibu, kama anayeuliza saa:
"Kuta uliziacha wazi?"
Nikasema ngoja nikaangalie. Niangalie nini! Niko kwenye benchi la korido, naandika haya. Mkewe kachungulia mlangoni, anasema: Mwalimu anauliza, mbona kuangalia kunachukua muda hivi —