Pazia Lililomjulisha Mama Asubuhi

Kibondo, Jumanne

Limefanya kazi! Wiki nzima nilimcheka mume wangu, Elias, kwa kufunga chumbani kwa mama yangu pazia la mota, linalojifunga usiku na kujifungua asubuhi. Tangu apate kiharusi, Mama anachanganya usiku na mchana. Saa nane za usiku anadai chai, nami naenda kufundisha nikisinzia.

Leo saa moja asubuhi pazia lilijifungua lenyewe, mwanga ukamjaa usoni. Nilisimama mlangoni nikihofia atashtuka.

"Bwakeye, mwanangu! Kumekucha," akanisalimu kwa Kiha, akitabasamu. "Nimelala kweli."

Sote tulilala mpaka asubuhi! Elias anatembea kwa maringo. Nimemwambia, "Baba Neema, umenishinda."

Umeme ukikatika, sijui... Lakini leo mama yangu ameijua asubuhi.