Ushuhuda Nilioutoa Mapema

Yaya,

Ni mimi Faida, mdogo wako wa tumbo moja, yule uliyekuwa ukisema mdomo wake hauna mlango. Nimechukua daftari nikuandikie kwa sababu Jumapili iliyopita nilisimama mbele ya kanisa nikazungumza juu yako, na sipendi habari hiyo ikufikie kwa mtu mwingine. Hapa kambini Nakivale watu wanafariki kila mara, na huenda mmoja wao ana mdomo kunishinda, akakuhadithia vibaya kabla yangu.

Kwanza habari za nyumbani. Mahindi yamekubali safari hii. Paa lililokuwa likivuja upande wa kitanda chako nimelitengeneza. Nilipanda juu mwenyewe, na majirani wote wakatoka kunitazama. Mihogo uliyopanda nyuma ya nyumba bado naichuma majani kwa sombe, ila sombe yangu inatoka na vipande vikubwa vikubwa, na hakuna wa kuniambia kwamba hicho ni chakula cha mbuzi. Watu wengine wanakumbuka upole wa marehemu wao. Mimi nina hamu ya kusemwa na wewe, Yaya. Nyumba imekuwa na adabu mno tangu ulipoondoka.

Juzi nilipita Kabazana, pale tulipopokelewa tulipoingia kutoka Kongo. Wageni walikuwa wamejaa. Niliona wasichana wawili wamejifunika blanketi moja, nikasimama kama mjinga nikiwatazama. Nilikukumbuka ukinisukumia upande mkubwa wa blanketi, ukisema wewe husikii baridi, na huku meno yako yanagongana. Nadhani hapo ndipo ulipoanza kunificha unapoumia. Au ulianza mapema zaidi, kule njiani, baada ya baba na mama kuuawa, uliponibeba mgongoni na mimi nilikuwa msichana mkubwa wa kutembea kwa miguu yake. Hukuniambia kwamba mgongo unauma. Na mimi sikushuka.

Sasa niache niandike mambo yale kwa mpangilio, mara moja tu. Unayajua kuliko mimi, lakini kichwani mwangu huwa yanaanza kutoka mwisho.

Uvimbe ulikutokea kwenye titi la kulia. Zahanati ya hapa kambini ikatupa rufaa ya hospitali ya Mbarara. Tulikaa kule siku nyingi tukingoja zamu yako, na mchana mmoja ukataka kutembea, tukapanda polepole kilima cha Kamukuzi. Ulikaa kwenye majani ukaangalia yale maofisi na nyumba za wenye mji, ukaniuliza kwa mshangao wa kweli kama hawa watu wote wanakula matoke tu na bado wanapata nguvu za kujenga vile. Chakula chao hukukipenda hata siku moja. “Hii ni ya kudanganya njaa tu, Faida. Uniletee bugali.” Nilizunguka Mbarara nzima nikitafuta unga wa muhogo kwa ajili yako. Ningezunguka tena leo.

Wakakupasua, wakauondoa uvimbe, wakatupa siku ya kurudi. Yule muuguzi mrefu alirudia mara mbili kwa Kiswahili chake cha Uganda: “Mama, rudi mwezi ingine. Usikose, hata kama unasikia mzuri.” Tukarudi Nakivale. Ukaanza kula. Ukarudi kwenye kwaya. Mashavu yakajaa kidogo. Na mimi, Yaya, sikungoja.

Jumapili ya tatu, wakati wa ushuhuda, nilinyoosha mkono. Nilisema Mungu amemponya dada yangu kabisa kabisa, hata mzizi haukubaki. Nilisema ugonjwa ule hautarudi tena kwenye nyumba yetu. Hakuna aliyenituma. Ngoma zikalia, akina mama wakavua vitenge vyao vya mabegani wakavipunga, wakaja kwenye benchi lako wakakuinua wakuchezeshe. Ulicheka. Nakumbuka vizuri kwamba ulicheka. Macho tu ndiyo yalikuwa chini, nami nikadhani unamshukuru Mungu.

Siku ya kurudi hospitali ilipofika, nilikuwa na jibu tayari. Nilikwambia: tukienda tena kupimwa, si tutakuwa tunamwambia Bwana kwamba hatukumwamini? Ulikuwa unasuka mkeka. Hukuinua kichwa. Ukasema, “Ni wewe unajua, mudogo yangu.” Basi, mambo yakaishia hapo. Kwa maneno matano nikaona nimeshinda.

Baada ya hapo ukawa unavaa sweta hata jua likiwaka. Ukaniachia mchi wa sombe, ukasema nijifunze kutwanga nisije nikarudishwa na mume. Nilicheka mpaka nikakaa chini. Ukawa unalala upande mmoja tu. Uliponiomba nikuchotee maji nilikuita malkia. Yaya, mambo hayo yote niliyaona kwa macho yangu haya, na sikuona kitu.

Siku nilipokukuta unaoga, ukahangaika kujifunika, nikauona mkono umevimba na kwapa limejaa, nilipiga kelele jirani akaja. Kule Mbarara daktari alituzungumzia polepole sana, na mtu akianza kuzungumza polepole hivyo unajua. Wewe ndiye uliyenishika mkono. Jioni ya siku ile, ukiwa kitandani wodini, uliniambia maneno ambayo sikuweza kuyarudia kwa sauti mpaka Jumapili iliyopita: “Nilisikia inarudi hata kabla ya ile ushuhuda yako. Lakini ulikuwa na furaha mingi. Na niliogopa bantu baseme Mungu alidanganya.”

Ulinyamaza ili mimi nisiaibike. Ulinyamaza ili Mungu asiaibike, kana kwamba yeye alihitaji hilo. Na aliyekufunga mdomo ni mimi, mbele ya watu wote, kwa ngoma na vigelegele.

Tulikuzika hapa hapa kambini. Watu wa kanisa walikuja kilioni wakakaa nami vizuri, nisiwaseme. Ila kuna mama mmoja, sitamtaja, aliyesema labda imani yako ilipungua. Nilimwonyesha mlango, ingawa unajua mlango wetu ulikuwa kipande cha turubai. Alitoka. Na mimi nilitoka kanisani siku hiyo hiyo, kwa moyo.

Nilimnunia Mungu, Yaya. Nilimnunia miezi tisa. Jumapili nilikuwa nachukua jembe naenda kulima lile shamba la karibu na njia, makusudi, ili kwaya ikipita inione. Walikuwa wananisalimia na mimi naitikia kwa jembe. Najua ungenipiga kofi.

Lakini unalijua kanisa letu na kile kipaza sauti chao. Ukitaka usihubiriwe itabidi uhame kambi. Asubuhi moja nikiwa katikati ya maharage, sauti ya mchungaji ikanifikia akieleza jinsi Bwana Yesu alivyowarudia rafiki zake baada ya kufufuka. Nimesikia habari hiyo tangu utoto. Siku ile niliisikia nikiwa na hasira, labda ndiyo sababu iliingia. Yeye aliyekishinda kifo alikuja na makovu yake. Hakuja amefunikwa. Alifungua mikono akasema tazameni, shikeni. Mwenye ushindi wote alionyesha mahali alipoumizwa, na wala hakuona aibu, na Mungu hakuwa mwongo kwa sababu hiyo.

Niliacha jembe. Nilikaa chini kwenye maharage yangu nikalia kwa sauti, nikakuita jina lako, Sifa, Sifa, jina ambalo sikuwahi kukuita ulipokuwa hai. Nilimwambia Bwana maneno mabaya yote niliyokuwa nayo. Hakunikemea. Siwezi kukueleza zaidi ya hapo. Nilihisi kwamba kuna mtu ananisikiliza na hana haraka ya kunijibu. Nilirudi nyumbani bado naumia, lakini sikuwa peke yangu tena.

Nikarudi kanisani, nikakaa nyuma karibu na mlango. Ndipo siku moja Mama Neema, yule muuza samaki wakavu, akasimama kutoa ushuhuda kwamba ameombewa na tumbo lake limepona. Watu wakapiga makofi. Mimi nilimwona anashika benchi kwa mikono miwili ili aweze kukaa. Mchana nilimfuata kwake. Sikumletea mahubiri. Nilimwuliza tu, “Bado inauma?” Aliangalia nje kwanza kama kuna mtu, halafu akaanza kulia. Wiki ile ile tulipanda gari la rufaa. Nililala naye wodini kule Mbarara, nikamfulia, nikamtafsiria kwa kile Kinyankole changu cha sokoni Kaberebere ambacho wauguzi wanakicheka waziwazi. Nilimwombea pia, kila asubuhi, nikiwa nimemshika mkono na kadi yake ya hospitali iko mfukoni mwangu. Hajapona kabisa. Anakula, anauza samaki wake, na tarehe zake za kurudi hakosi, kwa sababu mimi nikija kumchukua siondoki bila yeye.

Baada yake alikuja mwingine, na mwingine. Siku hizi wananiita Mama Mbarara. Wanacheka, lakini mtu akiumwa ananitafuta. Mimi niliyedhani maisha yangu yamezikwa pamoja na wewe, asubuhi naamka najua ninakokwenda. Sijaacha kuamini kwamba Mungu anaponya. Nimeona akiponya. Nimeacha kumsemea tu.

Lakini ushuhuda wangu wa mwanzo ulikuwa bado umesimama pale kanisani, Yaya. Hakuna aliyeugusa. Ulikufa, na watu kwa heshima wakajifanya sikuwahi kuusema. Nikaona kwamba wagonjwa wengine bado wanafichwa nyuma yake. Nikamwendea mchungaji nikamwambia nataka kuurekebisha. Alisita sana. “Ushuhuda ni ya kujenga kanisa, mama, haiko ya kuivunja.” Nilimjibu kwamba basi nitausemea nje, karibu na kipaza sauti. Akanikubalia.

Nilisimama Jumapili. Nikashika meza. Nilisema: mnakumbuka niliwaambia kwamba dada yangu Sifa amepona. Hakuwa amepona, na alijua, na alinyamaza kwa ajili yangu. Nikayasema maneno yako uliyoniambia wodini, yote. Nikasema nilimpenda sana, na nilimziba mdomo, na Mungu ameniokota hivyo hivyo nilivyo. Nikasema kama kuna mtu hapa bado anaumwa baada ya kuombewa, hajamkosea Mungu.

Mpiga ngoma alikuwa ameinua mikono, hakujua aipeleke wapi. Nikafikiri, sawa, nimelivunja kweli. Halafu Mama Neema akasimama: “Miye pia ningali naumwa.” Akasimama mzee mmoja wa nyuma, akashika kifua. Akasimama msichana wa kwaya. Wakawa wengi, kila mmoja akisema jambo lake moja na kukaa.

Wa mwisho alikuwa mchungaji mwenyewe. Alishuka kutoka pale mbele akipapasa ukingo wa jukwaa kwa mguu, na akasema, “Macho yangu haioni tena muzuri. Ni mwaka wa pili sasa.” Yaya, yule tuliyekuwa tukimsifu kwamba anasoma Maandiko kwa moyo bila kufungua kitabu! Alikuwa hawezi kusoma. Mama mchungaji alijifunika uso kwa kitenge. Hakuna aliyecheza siku hiyo. Tuliomba tu, tumeshikana, kwa muda mrefu, na sijawahi kuona Bwana yuko karibu namna ile.

Jumanne nampeleka Mbarara, akapimwe macho. Wengine wanne wanakuja nasi.

Sitakuomba msamaha tena. Nimeuomba mara nyingi, na naamini Bwana aliufikisha. Naahidi kitu kimoja: maadamu nina miguu, hakuna mgonjwa wa kanisa letu atakayenyamaza kwa kuogopa furaha ya watu wengine. Na wewe pumzika, Yaya. Najua siku ya kuonana hapatakuwa na maumivu yoyote. Ila nimeanza kumwomba Bwana upendeleo mmoja, kwamba kabla hajakufuta machozi anipe nafasi fupi nikae karibu nawe, uniambie yote, kila siku uliyonificha na mahali ilipouma. Nitasikiliza. Sitasema Amina mpaka umalize.

Mdogo wako,
Faida